Mkono Usioshika Kisu: Hotuba Kuhusu Fimbo na Visu vya Jadi vya Italia

Waheshimiwa walimu, wazee wetu, na ninyi vijana wa mazoezi mliokaa hapa mbele: salaam aleikum, na habari za jioni.

Mada tuliyopewa ni mapigano ya jadi ya fimbo na visu ya Italia. Ni mada pana. Italia iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861 tu, na kabla ya hapo kila pembe ilikuwa na dola yake, lugha yake na namna yake ya kushika fimbo. Mchungaji wa Sicilia, baharia wa Genoa na mkulima wa Puglia hawakufunzwa na mwalimu mmoja. Lakini kuna neno ambalo wapiganaji wa nchi ile wameliandika na kulirudia kwa karne nyingi: misura, yaani kipimo. Ni umbali uliopo kati yako na mwenzako, pamoja na muda unaohitajika kuuvuka. Mapigo, kinga, mizunguko ya fimbo, yote ni matawi. Shina ni kipimo, na anayekilinda kipimo hicho ni mguu pamoja na mkono usioshika silaha. Macho ya vijana hukimbilia kisu. Jioni hii naomba tuyarudishe miguuni.

Tuanze na kitabu, maana kitabu kina tarehe. Fiore dei Liberi alitoka Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1400 aliandika mafunzo yake, yenye picha tele, na kuyaelekeza kwa Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara. Nakala nne za mkono zimebaki hadi leo. Ndani yake kuna ukurasa mmoja ambao kila mwanafunzi anapaswa kuutazama kabla hajagusa silaha. Mtu amesimama katikati, panga saba zimemwelekea mwilini, na wanyama wanne wamemzunguka. Juu ya kichwa yupo mnyama wa jamii ya simbamangu, ameshika bikari ile ya kuchorea duara. Upande mmoja kuna chui milia mwenye mshale, upande wa pili simba mwenye moyo mkononi. Chini, miguuni, yuko ndovu aliyebeba ngome mgongoni.

Simbamangu ni busara, na anasema hakuna kiumbe anayeona vizuri kumshinda, naye hupima kila kitu. Chui milia ni wepesi, simba ni ujasiri. Ndovu anasema amebeba ngome, wala hapigi magoti wala hapotezi mahali pake pa kusimama. Tazameni mpangilio wenyewe. Kipimo kimewekwa kichwani, uimara umewekwa miguuni, na ujasiri umewekwa ubavuni kama wenzake. Kijana anayekuja uwanjani na simba peke yake amekuja na robo ya darasa.

Silaha ndogo aliyoifundisha Fiore ni daga: jambia lililonyooka, refu, gumu, lenye ncha ya kupenya. Aina ya zama zake ilikuwa na visahani viwili, kimoja juu ya mpini na kingine chini, ili mkono usiteleze. Mara nyingi ilishikwa ncha ikitazama chini, kama mchi wa kutwangia, kwa sababu kazi yake mojawapo ilikuwa kutafuta upenyo kwenye deraya. Kwa mtu aliyeshambuliwa kwa daga, Fiore anataja mambo matano ya kujua kufanya: kumnyang'anya adui silaha, kumpiga, kumvunja mkono, kumfunga viungo, na kumwangusha chini. Katika nakala kubwa zaidi ya picha zake anaonyesha walimu tisa wa kujikinga na daga, kila mmoja akiwa na taji. Wanafunzi wao wamefungwa ukanda chini ya goti. Anayekuja kuvunja mbinu hizo ana vyote viwili, taji na ukanda, hivyo ukifungua ukurasa wowote unajua mara moja nani yuko mbele ya nani katika mabishano. Ni ufundi wa kufundishia ambao vitabu vingi vya leo havijaufikia.

Mwalimu wa kwanza anakutana na daga inayoshuka kutoka juu. Mkono wake wa kushoto, ule mtupu, unakwenda mbele kukutana na kifundo cha mkono wa adui pigo likiwa bado changa. Kiganja kinashika kifundo, kisha kinazunguka, na ubapa wa daga unabanwa na mkono wa mwalimu mwenyewe kama mti unaotiwa wenzo. Mpini unachomoka pale vidole vinapokutana na gumba, kwa sababu ndipo ngumi ya mtu yeyote ilipo dhaifu.

Kwa maneno ni rahisi. Uwanjani huharibika mahali palepale kila mara. Mwanafunzi anasubiri pigo lije karibu na kichwa chake ndipo anyanyue mkono, na mkono wake umekunjika. Pigo la kushuka limeshapata uzito wa bega na kiuno, linausukuma mkono uliokunjika, na ncha inafika usoni pamoja na kiganja cha mkingaji mwenyewe. Dawa ni kwenda mbele mapema, kiwiko kikiwa karibu kunyooka. Kosa la pili halionekani kirahisi: anakinga katikati ya mkono wa adui badala ya kifundoni. Pigo linasimama kweli, lakini kifundo kimebaki huru, nacho kinapinda juu ya kinga na kuishusha ncha shingoni. Ndiyo maana tunadai kifundo, na tunarudisha zoezi hata kama mtu amekikosa kifundo kwa upana wa vidole viwili tu.

Sasa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Mbinu ya Fiore ya kukamata na kubana ubapa inaelewana vizuri na jambia la kuchomea. Kisu cha kijijini ni kitu kingine. Visu vya kukunja vya Italia, vile vinavyotengenezwa Scarperia huko Toscana, Frosolone huko Molise, au Pattada katika kisiwa cha Sardinia, vina makali ya kazi: kukata mkate, kuchuna ngozi, kupunguza matawi. Ukikamata mkono wenye kisu cha namna hiyo, mwenye kisu anavuta tu kurudi nyuma, na kiganja chako kinafunguka. Kwa hiyo usihamishe mbinu ya karne ya 15 na kuibandika juu ya kisu cha karne ya 19 bila kuipima upya. Wapo wanaofanya hivyo kwa kisu cha mpira na kushangilia. Mpira haukati, nao hausemi ukweli.

Kwa kisu chenye makali, mkono mtupu huvaa nguo. Koti au joho huzungushwa kwenye mkono wa kushoto kuanzia karibu na kiwiko kuelekea vidoleni, mizunguko miwili au mitatu, na pindo la kiasi cha shibiri moja na nusu huachwa lining'inie mbele ya vidole. Kiganja kinageukia upande wako, ili mishipa na kano za ndani ya kifundo zisiwe mbele ya makali. Mkono haugandi kifuani. Unakaa mbele, mbali na mwili. Sababu ni kwamba nguo hupunguza mkato lakini haizuii chomo. Ncha ikipenya kitambaa na mkono umelazwa kifuani, imepenya kifua. Mkono ukiwa mbele, una nafasi ya kuusukuma ule wenye kisu pembeni. Pindo nalo lina kazi yake: linaficha vidole, linahadaa macho, na linaweza kurushwa usoni. Likiwa refu mno utalikanyaga mwenyewe katika hatua ya kwanza ya kurudi nyuma, na hapo hakuna mwalimu wa kukusaidia.

Mkono mtupu ni hatari hata bila koti. Giovanni Verga, mwandishi wa Sicilia, katika hadithi yake ya mwaka 1880 kuhusu wanakijiji wawili wanaopigana kwa visu, anaonyesha mwaliko wa pambano ukitolewa kwa busu, na ahadi ya kufika ikitolewa kwa kung'ata sikio. Halafu, katikati ya pambano, mmoja anachota vumbi kwa ghafla na kumrushia mwenzake machoni. Kisu kilimaliza kazi, lakini vumbi ndilo lililoshinda.

Lengo la kwanza la kisu ni mkono ulioshika kisu kingine. Uko karibu kuliko kifua, na mwenyewe ameuleta. Ukiukata ukiwa bado nje ya kipimo chake, huhitaji kuingia. Anayerukia tumbo lazima apite mbele ya makali kwenda, kisha apite tena kurudi. Ndiyo sababu Waitalia waliendeleza hatua za kutoka kwenye mstari. Katika hatua moja, mguu wa nyuma unavuka nyuma ya ule wa mbele kwenda pembeni, mwili unageuka ubavu, na chomo linapita mahali ulipokuwa. Katika nyingine mtu anajitupa chini ghafla: mguu wa nyuma unanyooka mbali, kiganja kitupu kinagusa ardhi, na mkono wenye silaha unanyooka juu kumpokea anayekuja. Hii ya pili inapendeza machoni, lakini siipendekezi kwa anayeanza. Ukichelewa kidogo tu, kichwa chako kimeshuka hadi pale pigo linapokuja, na mkono ulioko ardhini hauwezi kukusaidia tena.

Tuje kwenye fimbo. Hapa nitakaa zaidi, maana fimbo ndiyo inayojenga mwili.

Fimbo ndefu ya kusini, ile ya wachungaji wa Sicilia, hufika kifuani, takriban sentimita 120 hadi 140. Miti inayosifiwa ni mzeituni mwitu na mchungwa. Hukatwa majira ya baridi, utomvu ukiwa mdogo, kwa sababu mti uliojaa maji hukauka kwa kujivuta na kupasuka. Ncha zote mbili hupakwa nta au mafuta mazito ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni, na fimbo hukaushwa kivulini kwa miezi mingi. Iliyopinda hunyooshwa kwa joto la makaa, hatua kwa hatua, ikiwa bado na unyevu kidogo. Iliyokauka kabisa ukiilazimisha itakatika. Baada ya hapo ni mafuta, kitambaa na subira.

Kabla ya kuinunua au kuikubali, itazameni nyuzi zake. Zikikimbia sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho, ni fimbo. Zikitoka ubavuni kwa mshazari, siku itakapovunjika itavunjika kwa mshazari vilevile, na kipande kitakachoruka kitakuwa mkuki. Igongeni polepole kwenye jiwe. Fimbo nzima hulia sauti moja. Yenye ufa wa ndani hutoa mkwaruzo. Fundo katika theluthi ya mbele ni sababu ya kutosha kuikataa, kwa kuwa huko ndiko mapigo yanakotua. Mzeituni uliokauka, urefu sentimita 130 na kipenyo sentimita 2.5, una uzito wa karibu gramu 570. Huo ni uzito wa kutosha kuvunja mkono wa mtu mzima, hivyo asiwepo anayeniambia kwamba hicho ni kijiti cha kuchezea.

Genoa ilipenda fimbo fupi ya matembezi, ya mkono mmoja. Kaskazini huko huko, mwaka 1854, Giuseppe Cerri alichapisha Milano mafunzo ya fimbo ya mikono miwili, nayo yanabaki kati ya maandishi bora tuliyo nayo kuhusu fimbo ya Italia. Msingi wake ni molinelo, yaani mzunguko, na kama mkitoka hapa na kitu kimoja cha kufanya kesho asubuhi, kiwe hiki.

Shikeni fimbo upande mmoja wa mwisho, ngumi mbili zikikaribiana. Iacheni ncha ishuke kando ya mwili upande wa kushoto, ipite nyuma, ipande, kisha ije mbele na kushuka tena. Halafu upande wa kulia. Duara lisimame wima kama gurudumu la baiskeli iliyoegeshwa ubavuni mwako. Anayezungusha ni kifundo cha mkono. Viwiko vinakaa karibu na mbavu. Mizunguko 20 kila upande, polepole, bila kusogeza miguu. Ikitulia, ongezeni hatua: mguu utue wakati ncha inaposhuka mbele, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa mwili unapoingia katika fimbo. Mguu ukitangulia, umejipeleka ndani ya kipimo cha adui ukiwa mtupu. Mguu ukichelewa, umepiga kwa mikono peke yake.

Fimbo ikikugonga goti, duara limelala. Ikigonga sakafu, mabega yameinama. Bega likichoka kabla ya kifundo, viwiko vimepanda na unainua fimbo badala ya kuizungusha. Ikikwama nyuma ya mgongo, vidole vimekaza mno: fimbo hushikwa kama ndege, na hukazwa pale tu inapotua. Na kumbukeni daima kwamba ncha ikiwa nyuma yako, mlango wako wa mbele uko wazi. Mpinzani anayejua kusoma muda ataingia hapo hapo. Kwa hiyo molinelo haifanywi mtu akiwa karibu, isipokuwa umeshaisukuma fimbo yake kando.

Mapigo yana majina ambayo wapiganaji wa upanga wa Italia waliyatumia pia: fendente ni la kushuka, tondo ni la mlalo, montante ni la kupanda, na punta ni la kuchoma kwa ncha. Mtu akiyajua manne hayo kwa kulia na kushoto ana mtaji wa maisha. Sioni faida ya kukariri mapigo 30.

Kinga ndiyo inayotofautisha aliyefunzwa na aliyetazama tu. Fimbo haina kilinda mkono. Ukikinga ncha ikiwa juu na mikono chini, pigo la adui linagonga fimbo yako kisha linateleza kushuka, na mwisho wa mteremko huo ni vidole vyako. Kinga dhidi ya pigo la juu iwe mikono juu ya kichwa, ncha imeelekea chini kwa mshazari, kama paa linalomwaga mvua. Pigo linateleza kuelekea ncha na kuanguka nje ya bega. Lipokeeni kwa theluthi iliyo karibu na mikono yenu, ambako fimbo ina nguvu ya wenzo. Mkipokea kwa theluthi ya mbele, mtasukumwa hata na mtoto. Na ncha hiyo iliyoko chini tayari imeanza safari ya molinelo, hivyo kinga yenyewe inazaa jibu bila kusimama.

Kuhusu kipimo cha fimbo, kaeni nje kabisa au ingieni kabisa. Theluthi ya mbele ndiyo inayoumiza kwa sababu ndiyo inayokimbia. Karibu na ngumi fimbo inatembea polepole. Aliyeganda katikati, nusu nje nusu ndani, amesimama pale hasa ambapo ncha ina kasi kubwa kuliko zote. Woga humfanya mtu arudi nusu hatua, na nusu hatua hiyo ndiyo inayomvunja taya.

Kuna neno kuhusu nasaba. Mitindo mingi ya kusini, ile inayoitwa paranza na mingineyo, ilirithishwa kwa mdomo, kwa siri, ndani ya familia na vikundi. Mtu akiwaambia kwamba mtindo wake haujakatika tangu majeshi ya Roma ya kale, mwombeni ushahidi kwa heshima. Sanaa hizi zina thamani bila chumvi. Katika mkoa wa Lecce, usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Rocco kijijini Torrepaduli, watu huunda duara linaloitwa ronda na kupiga tamburelo, dafu lenye njuga, hadi alfajiri. Ndani ya duara wawili huchezeana skerma, yaani mapigano ya kisu bila kisu: vidole viwili, cha shahada na cha kati, hunyooshwa vikawa ubapa. Huanza kwa kupeana mikono na humaliza hivyo hivyo. Mnaotoka Lamu, mliokulia kwenye duara la kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, mtaelewa haraka kuliko Waitalia wengi wa mjini: duara lenyewe ndilo mwamuzi. Linapanuka, linabana, linamtoa mmoja na kumwingiza mwingine, na mapigo ya dafu hayamruhusu mtu kukimbilia hasira yake. Tazameni wachezaji wazuri pale na mtaona hawasogezi vidole sana. Wanazunguka, wanapima, wanasubiri mguu wa mwenzao unyanyuke.

Sheria nayo iliacha alama kwenye chuma. Mwaka 1908 Italia ilibana visu vyenye ncha, na mafundi wakaanza kutengeneza visu vya kukunja vyenye ncha iliyokatwa butu, ambavyo hadi leo ni sehemu ya ufundi wao. Sheria ya tarehe 18 Aprili 1975 inakataza kubeba kisu nje ya nyumba bila sababu ya msingi. Anayekwenda kufunzwa Italia asafirishe vifaa vyake vimefungwa ndani ya mzigo, na huko ashike kisu cha mbao.

Vifaa vya mazoezi si vya kubahatisha. Barakoa ya upanga inalinda uso, lakini kisogo kiko wazi, na haikutengenezwa kwa pigo kamili la gramu 570 za mzeituni. Kwa mapigo ya kasi tumieni henzirani, kwa kuwa huchakaa kwa kufumuka nyuzi na haitoi vipande vyenye ncha. Glavu ziwe nene juu ya vidole. Fimbo ngumu ibaki kwa mizunguko ya peke yako na kwa mazoezi ya polepole ya watu wawili.

Na kwa kisu, fanyeni zoezi hili kabla ya mbinu yoyote ya kunyang'anyana. Wawili wavae fulana nyeupe, mikono mirefu, na miwani ya kinga machoni. Visu vya mpira vipakwe rangi ya mdomo kwenye makali na nchani. Sekunde 30, kila mmoja acheze apendavyo. Kisha simameni mbele ya wenzenu mhesabu alama, mkianza na kifundo cha mkono, ndani ya kiwiko, shingo na kwapa. Andikeni idadi. Rudieni, safari hii kila mmoja akiwa na koti mkononi na ruhusa ya kulenga mkono wenye kisu peke yake, na asogee hatua moja nyuma kila anapoguswa. Hesabuni tena, juu ya fulana zile zile, kwa rangi tofauti.

Fulana ziko kwenye sanduku pale mlangoni. Wawili wa kwanza waje mbele.